Kufungasha bidhaa kwa shrinki: anza na bidhaa yako, mashine iwe ya mwisho

Mteja wa supamaketi akishika chupa ya asali, jicho lake huenda kwanza kwenye mfuniko. Kama ule ukanda mwembamba wa plastiki pale shingoni umekatika au haupo, anairudisha kwenye rafu na kuchukua chupa ya jirani. Hajaonja asali yako wala hajauliza umeitoa wapi. Ukanda wa bei ndogo sana umeshaamua.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wadogo wa Kisumu, Siaya na Homa Bay, wanaotengeneza sabuni, siagi ya karanga, asali, juisi na viungo, wanafikiria kuhusu shrinki. Wengi huanza na swali moja: "Mashine ni pesa ngapi?" Swali ni zuri, ila limekuja mapema. Ukinunua mashine kwanza, utalazimika kutafuta plastiki inayoifaa mashine, halafu ulazimishe bidhaa iingie kwenye plastiki hiyo. Mtaji unabaki pale kwenye kona, umefunikwa na leso.

Leo tunapanga maswali kwa mpangilio wa kukuokolea pesa: bidhaa kwanza, plastiki ya pili, vipimo vya tatu, hesabu ya nne, mashine ya mwisho. Chukua kalamu na karatasi, na uweke simu karibu. Kikokotoo chake kitahitajika.

Shrinki ni nini, na ni nini haifanyi?

Shrinki ni plastiki nyembamba iliyovutwa ikiwa moto kiwandani, kisha ikapozwa kabla haijarudi katika hali yake. Ukiipasha moto tena, inakumbuka umbo lake la zamani na kusinyaa. Ikiwa imezunguka bidhaa, inaishika kama ngozi.

Inafanya kazi tatu vizuri. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba hakuna aliyefungua, kama ule ukanda wa mfuniko. Ya pili ni kushikanisha vitu viwe kifurushi kimoja: sabuni tatu za kuuzwa pamoja, au chupa kumi na mbili za maji. Ya tatu ni kuzuia vumbi na alama za mikono, na kufanya bidhaa ing'ae dukani.

Lakini shrinki haihifadhi chakula, haiui vijidudu na haikaushi kilicho na unyevu. Pia haitoi hewa yote kama mashine ya vakyumu. Kwa kweli plastiki nyingi za shrinki hutobolewa vitundu vidogo ili hewa itoke wakati wa kusinyaa, na penye tundu la kutoka hewa pana tundu la kuingia unyevu.

Huku kwetu ziwani hili lina uzito wake. Omena iliyoanikwa siku ya mawingu, ikawa nje imekauka na ndani bado ina unyevu, ukiifunga kwa plastiki itaota ukungu ndani ya pakiti inayong'aa. Samaki wa moshi ni hatari zaidi. Mwaka 1963 nchini Marekani, samaki wa moshi kutoka Maziwa Makuu ya huko walifungwa bila hewa, wakakaa bila baridi ya kutosha, na watu wakafa kwa sumu ya botulini. Vijidudu vinavyotengeneza sumu hiyo hupenda mahali pasipo na hewa, na samaki wenye sumu hiyo wanaweza kuonekana wazuri kabisa. Kwa hiyo usifunge samaki wa moshi wala samaki wabichi kwa plastiki isiyopitisha hewa kwa kufuata maelezo ya blogu, hata kama ni hii yetu. Tafuta kwanza ushauri wa mtaalamu wa vyakula. KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, ina kituo hapa Kisumu. Anzia hapo.

Ni vivyo hivyo kwa siagi ya karanga. Mwaka 2019 KEBS ilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya karanga nchini kwa sababu ya aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu kwenye karanga zilizohifadhiwa vibaya. Hakuna plastiki inayoondoa sumu hiyo. Karanga ikiwa mbaya, pesa yako ya kwanza iende kwenye karanga nzuri na ghala kavu, si kwenye kifungashio.

Hatua ya 1: Bidhaa yako inahitaji nini hasa?

Andika sentensi moja: "Nataka shrinki ili..." Malizia kwa sababu moja tu. Majibu ya kawaida ni haya:

- *"...mteja ajue chupa haijafunguliwa."* Unahitaji kanda za mfuniko peke yake. Huhitaji kufunika chupa nzima, na huhitaji mashine.
- *"...sabuni zikae pamoja na zipendeze."* Unahitaji plastiki safi, laini na inayoonyesha vizuri.
- *"...niweze kubeba chupa kumi na mbili kwa pamoja bila katoni."* Unahitaji plastiki nene yenye nguvu. Kung'aa si muhimu sana.
- *"...bidhaa isiharibike haraka."* Simama hapo. Jibu lako halipo kwenye shrinki. Liko kwenye ukaushaji, usafi, baridi au aina nyingine ya kifungashio.

Ukiona sentensi yako ina sababu tatu, chagua ile ambayo mnunuzi wako ameitaja kwa mdomo wake. Kama muuzaji wa jumla pale Kibuye amekwambia pakiti zako zinafumuka kwenye mkokoteni, hiyo ndiyo shida ya kutatua kwanza.

Hatua ya 2: Chagua plastiki

Sokoni utakutana na aina tatu kubwa. Majina ni magumu ila vifupisho ni rahisi, na muuzaji ataviandika kwenye lebo ya roli.

PVC. Ndiyo hutumika sana kwa kanda za mfuniko. Inasinyaa kwa joto la chini, kwa hiyo ni rahisi kwa anayeanza. Ubaya wake ni kwamba ukiikata au kuibana kwa waya wa moto hutoa moshi unaowasha macho na koo, na moshi huo hula vyuma vya mashine polepole. Ikikaa kwenye baridi hukakamaa na kupasuka. Ikikaa kwenye joto huanza kusinyaa ikiwa bado kwenye roli. Kioski cha mabati saa nane mchana hapa Kisumu si mahali pa kuhifadhi PVC.

Poliolefini, au POF. Ni safi, laini na ina nguvu hata ikiwa nyembamba. Haina ule moshi wa PVC, na kuna aina nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula. Inahitaji joto zaidi kidogo na mkono uliotulia. Kwa sabuni, maboksi madogo, viungo vilivyo tayari ndani ya pakiti na zawadi, hii ndiyo chaguo la kwanza mara nyingi.

Poliethilini, au PE. Nene, haionyeshi vizuri sana, lakini ni ngumu. Hii ndiyo unayoiona kwenye vifurushi vya chupa za maji na soda. Inataka joto jingi, kwa hiyo bunduki ndogo ya hewa moto itakutesa ukiwa na mzigo mkubwa.

Unene hupimwa kwa maikroni. Kwa POF utaona sana 12, 15, 19 na 25. Kwa vitu vyepesi visivyo na ncha kali, 15 au 19 hutosha. Kitu chenye pembe kali kinataka 25. PE ya kushikanisha chupa huanzia maikroni 40 hivi na kupanda.

Kama plastiki itagusa chakula moja kwa moja, mwombe muuzaji karatasi ya mtengenezaji inayosema inafaa kwa chakula. Neno la mdomo halitoshi. Asipokuwa na karatasi, itumie kwa sabuni.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kuagiza

Makosa mengi ya shrinki ni makosa ya rula. Ukiagiza roli nyembamba kuliko inavyotakiwa, ni hasara yote. Ukiagiza pana sana, kila pakiti inatupa plastiki pembeni na kona zinabaki na masikio.

*Kwa ukanda wa mfuniko:* pima upana wa mfuniko kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ukipita katikati. Zidisha kwa 3.14 upate mzingo. Gawanya kwa mbili, kisha ongeza milimita 3. Huo ndio upana wa ukanda ukiwa umelazwa.

Mfano: mfuniko wa milimita 70. Mara 3.14 ni karibu 220. Nusu yake ni 110. Ongeza 3, unapata 113. Mwambie muuzaji unataka ukanda wa milimita 113 ukiwa bapa, au saizi inayofuata juu yake. Urefu wake ufunike mfuniko wote na ushuke sentimita moja hivi chini yake, ndipo ukanda ushike shingo.

*Kwa roli iliyokunjwa katikati:* hii ni plastiki inayokuja ikiwa tabaka mbili, upande mmoja umefunga. Unaingiza bidhaa katikati, unabana pande zilizobaki, unapasha moto. Kanuni ni hii:

- Upana wa roli = upana wa bidhaa + kimo chake + sentimita 2.5
- Urefu wa kukata = urefu wa bidhaa + kimo chake + sentimita 2.5

Tuchukue kifurushi cha sabuni tatu chenye urefu wa sentimita 18, upana 9 na kimo 6. Upana wa roli ni 9 + 6 + 2.5, yaani 17.5. Kama muuzaji ana roli za sentimita 20, chukua hiyo. Urefu wa kukata ni 18 + 6 + 2.5, yaani 26.5.

Kabla ya kuagiza roli nzima, nunua mita chache za majaribio. Funga pakiti kumi. Ziweke kwenye boksi, zipande boda au matatu hadi Ahero na kurudi, kisha uzihesabu zilizopasuka. Jaribio hilo lina thamani kuliko picha yoyote ya mtandaoni.

Hatua ya 4: Piga hesabu kwa pakiti, si kwa kilo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimya kimya. Shrinki huuzwa kwa kilo, lakini wewe huitumii kwa kilo. Unaitumia kwa eneo. PVC ni nzito kuliko POF, kwa hiyo kilo moja ya PVC ina plastiki kidogo kwa eneo.

Kwa unene uleule wa maikroni 19, kilo moja ya POF inatoa karibu mita za mraba 57. Kilo moja ya PVC inatoa karibu mita za mraba 40. Tofauti hiyo haionekani kwenye mizani ya muuzaji, ila utaiona roli inapoisha mapema.

Turudi kwenye kifurushi cha sabuni. Kila kimoja kinakula tabaka mbili za sentimita 20 kwa 26.5. Hiyo ni sentimita za mraba 1,060, karibu 0.106 ya mita ya mraba. Toa asilimia 10 kwa vipande vinavyoharibika. Bei tulizoweka hapa ni za mfano tu, weka zako.

- PVC, tuseme shilingi 450 kwa kilo: unapata vifurushi 344 hivi. Kila kimoja kinakula plastiki ya shilingi 1.31.
- POF, tuseme shilingi 600 kwa kilo: unapata vifurushi 485 hivi. Kila kimoja kinakula plastiki ya shilingi 1.24.

Umeona? Ile iliyokuwa "ghali" kwa shilingi 150 imekuwa nafuu kwa pakiti. Na kama POF ya maikroni 15 ingetosha bidhaa yako, kilo moja ingekupa karibu mita za mraba 72, na bei ya pakiti ingeshuka tena.

Ongeza gharama nyingine mbili: stima na muda wa mtu. Bunduki ya hewa moto ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti mbili. Ukitumia sekunde tano kwa kila chupa, chupa 100 zinakula chini ya theluthi ya uniti. Fungua SMS ya mwisho ya tokeni zako, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, utajua uniti moja ilikugharimu ngapi.

Jumla yote ikifika, linganisha na faida yako kwa pakiti. Kama sabuni tatu zinakupa faida ya shilingi 12 na kifungashio kinakula 3, umetoa robo ya faida. Je, kwa sababu ya kifungashio unaweza kuuza kwa bei ya juu kidogo, au kuuza nyingi zaidi? Kama jibu ni hapana kwa yote mawili, shrinki bado haijafika wakati wake kwako.

Hatua ya 5: Sasa tuje kwa vifaa

Vifaa vina ngazi. Panda moja baada ya nyingine.

Ngazi ya kwanza: maji ya moto. Kwa kanda chache za mfuniko za PVC, unaweza kuvisha ukanda na kuchovya shingo ya chupa kwenye maji yaliyokaribia kuchemka kwa sekunde chache. Mfuniko uwe umekaza, na chupa ya glasi isiwe imetoka kwenye friji, isije ikapasuka. Ni polepole lakini mtaji wake ni sufuria.

Ngazi ya pili: sila ya mkono na bunduki ya hewa moto. Sila ndiyo inayobana mdomo wa plastiki. Zipo za sentimita 20, 30 na 40. Chagua iliyo ndefu kuliko ubano wako mrefu zaidi. Kwa sabuni zetu ni ule wa sentimita 26.5, kwa hiyo sila ya 30 inatosha na ya 20 haitoshi. Bunduki ya hewa moto inafanana na draya ya nywele, ila joto lake ni kali zaidi. Isogeze bila kusimama, anzia chini kisha pembeni, juu iwe mwisho. Ukisimama sehemu moja inatoboka. Usitumie moto wa gesi wazi. Unachoma upande mmoja na kuacha mwingine umelegea.

Ngazi ya tatu: sila ya umbo la L. Inabana na kukata pande mbili kwa pigo moja. Inafaa mkono mmoja ukifunga mamia kwa siku. Zipo pia zenye kifuniko kinachobana na kupasha moto kwa wakati mmoja.

Ngazi ya nne: tanuri la mkanda. Pakiti inapita ndani ya sanduku la joto ikiwa juu ya mkanda unaotembea. Hapa swali la kwanza ni stima. Soketi ya kawaida ya Kenya ni ya ampia 13, na kwa volti 240 inabeba karibu wati 3,100 tu. Matanuri mengi yanataka wati 6,000 na zaidi, na mengine yanataka fezi tatu. Kama nyumba ya kukodisha haina laini hiyo, bei ya mashine si bei ya mashine tena. Ongeza fundi, waya na maombi kwa Kenya Power. Uliza pia stima ikipotea katikati ya kazi utafanya nini. Jenereta ndogo inaweza kuendesha bunduki ya hewa moto. Haitaendesha tanuri.

Na je, mashine inalipa lini? Tumia hesabu hii. Tuseme vifaa vya mkono ni shilingi 9,000 na mashine ni 85,000. Tofauti ni 76,000. Mashine inakuokolea sekunde 30 kwa kila pakiti, na mfanyakazi analipwa shilingi 80 kwa saa.

- Ukifunga pakiti 60 kwa siku: unaokoa nusu saa. Kwa siku 26 ni saa 13, yaani shilingi 1,040 kwa mwezi. Mashine itajilipa baada ya miezi 73. Hiyo ni zaidi ya miaka sita.
- Ukifunga pakiti 600 kwa siku: unaokoa saa tano. Kwa mwezi ni saa 130, yaani shilingi 10,400. Mashine itajilipa ndani ya miezi minane.

Mashine ni ileile, na muuzaji atakupa maneno mazuri yaleyale. Kilichobadilika ni mauzo yako. Ndiyo maana tunasema mashine iwe ya mwisho: kwa mtu mmoja ni mkombozi, kwa mwingine ni deni. Idadi ya pakiti unazouza kwa siku huhitaji kuikisia. Kama wateja wako wanalipa kwa till, iko kwenye taarifa yako ya miezi mitatu iliyopita. Chukua wastani, usichukue ile wiki nzuri ya Krismasi.

Sheria: usifunge kabla ya kuangalia haya

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea na mifuko bapa imepigwa marufuku Kenya, na adhabu yake ni nzito. Vifungashio vya kiwandani vinavyogusa bidhaa moja kwa moja viliachwa nje ya marufuku hiyo, kwa masharti ya kutambulika vimetoka wapi. Hapa kuna mtego. Kuna shrinki inayouzwa ikiwa imekatwa tayari kama vifuko bapa visivyo na jina la mtengenezaji. Ukikutwa navyo ni juu yako kueleza. Nunua kwa msambazaji anayejulikana, weka risiti, na uulize ofisi ya NEMA kabla ya kuagiza mzigo mkubwa. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 nayo imeweka wajibu kwa wanaoingiza bidhaa zilizofungashwa sokoni kuhusu taka za vifungashio, kwa hiyo kutumia plastiki kidogo iwezekanavyo ni faida mara mbili.

Lebo nayo isipotee chini ya plastiki. Chakula kilichofungashwa kinatakiwa kuonyesha jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya kundi. Plastiki ikisinyaa inaweza kukunja lebo na kuficha tarehe. Ikikunja milia ya msimbo, mashine ya kaunta haitausoma, na supamaketi haitakuwa na subira na wewe. Jaribu kusoma msimbo ukiwa umeshafungwa, si kabla. Na alama ya ubora ya KEBS huwekwa baada ya kupewa kibali, si kwa sababu mchapishaji wa lebo anayo kwenye kompyuta.

Kabla ya kuweka PIN

Vifaa vingi vya shrinki hununuliwa Nairobi kwa simu na kutumwa kwa basi. Hapo ndipo matapeli hupenda kukaa. Picha ni nzuri, bei iko chini, na "zimebaki mbili tu". Fuata mambo haya:

1. Omba video ya mashine ikifunga bidhaa kama yako, huku jina lako likiwa limeandikwa kwenye karatasi pembeni. Picha ya mtandaoni mtu yeyote anayo.
2. Lipia sampuli kwanza. Mita chache za plastiki zikifika salama, umejua pia kama muuzaji yupo.
3. Lipa kwa till au namba ya biashara, si kwa namba ya mtu binafsi. Jina la mpokeaji likitokea kwenye skrini, lilinganishe na jina lililo kwenye ankara. Yakitofautiana, ghairi. Maelezo kama "hiyo ni namba ya dada yangu" hayatoshi.
4. Mkubaliane kulipa salio mzigo ukifika. Kama muuzaji anataka yote mbele, mtume jamaa unayemwamini Nairobi akaone duka.
5. Omba risiti ya eTIMS. SMS ya malipo inathibitisha kwamba pesa ilitoka, lakini haichukui nafasi ya risiti ya kodi. Tangu Januari 2024, KRA inataka gharama za biashara ziwe na ankara ya eTIMS ndipo uzitoe kwenye hesabu ya kodi.
6. Usitoe PIN kwa mtu yeyote, hata anayejiita wetu. Sisi hatuihitaji na hatutaiuliza.
7. Ukikosea namba, piga huduma kwa wateja papo hapo, usisubiri jioni. Pesa ambayo haijatolewa ni rahisi kufuatilia kuliko iliyotolewa.

Jambo la mwisho: tenga pesa ya vifungashio. Kama kila pakiti inakula shilingi 3, basi kila jioni hesabu pakiti ulizouza, zidisha kwa 3, na uhamishe kiasi hicho kwenye akiba yako ya simu. Roli ikiisha pesa ya roli nyingine iko pale, na huna haja ya kukopa ili ununue plastiki. Ukifanya hivyo kwa miezi sita, utakuwa pia na rekodi safi ya mauzo yako siku kwa siku. Rekodi hiyo ndiyo itakayokwambia kama wakati wa mashine umefika.